Nasaba, Jeni na Lugha: Maoni juu ya Istilahi Moja na Historia ya Waswahili

1.0 Utangulizi

Mjadala juu ya asili ya Waswahili ni mkongwe, na kwa miaka mingi uliendeshwa kwa ushahidi wa aina tatu: masimulizi ya wenyeji, magofu ya miji, na lugha yenyewe. Mwezi Machi 2023 ushahidi wa nne uliwekwa hadharani. Jarida la Nature lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa DNA ya watu 80 waliozikwa katika miji sita ya mwambao wa Afrika Mashariki, kati ya mwaka 1250 na 1800, na katika mji mmoja wa bara wa baada ya mwaka 1650. Miongoni mwa viongozi wa uchunguzi huo walikuwamo mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba na mwanajenetiki David Reich.

Makala haya hayakusudii kuyapinga matokeo hayo, wala kuyashangilia. Hoja yetu ni kwamba mtaalamu wa Kiswahili hawezi kuyasoma ipasavyo bila kuelewa jeni ni nini na hufanya kazi gani; na kwamba istilahi tuliyoizoea, yaani kinasaba, humpa msomaji jibu kabla hajauliza swali. Tutaanza na jeni yenyewe, tuende kwenye jinsi inavyochunguzwa, kisha turejee makaburini na kwenye istilahi.

2.0 Jeni na Kazi Yake

DNA ni uzi mrefu wa kikemikali unaokaa, kwa sehemu kubwa, ndani ya kiini cha seli. Umbo lake la nyuzi mbili zilizosokotana lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick, kwa kutegemea pia kazi ya eksirei ya Rosalind Franklin. Uzi huo umejengwa kwa besi za aina nne tu: adenini, thaimini, guanini na sitosini, ambazo huandikwa A, T, G na C. Daima A hukabiliana na T, na G hukabiliana na C. Kwa hiyo uzi mmoja ukijulikana, wa pili nao wajulikana. Seli inapojiandaa kugawanyika, nyuzi hizo huachana, na kila mmoja huwa kielelezo cha kuundia mwenzake. Siri ya urithi imo humo. Seti moja ya DNA ya mwanadamu ina jozi za besi zipatazo bilioni tatu, na kila mtu hupokea seti moja kwa mama na nyingine kwa baba.

Jeni ni sehemu ya uzi huo. Nyingi ya zile zilizochunguzwa sana hubeba maelekezo ya kuunda protini. Seli hunakili jeni katika uzi mfupi wa RNA, kisha nakala hiyo husomwa besi tatutatu. Besi nne zikipangwa tatutatu hutoa michanganyiko 64: 61 huwakilisha asidi amino 20 zinazojenga protini, na mitatu iliyobaki huamuru usomaji ukome. Jeni za aina hii kwa mwanadamu ni kama 20,000, na maelekezo ya protini zenyewe hayafiki asilimia mbili ya DNA yote. Katika sehemu iliyobaki yamo maeneo yanayoongoza jeni ipi isomwe, lini na kwa kiasi gani. Ndiyo maana seli ya ini na seli ya jicho, ingawa zina DNA ileile, hazifanani kwa kazi wala kwa umbo.

Mfano ulio karibu nasi ni ugonjwa wa selimundu. Katika jeni ya beta-globini besi moja hubadilika, A ikawa T, na mahali pa asidi glutamiki pakaingia valini. Badiliko hilo dogo hufanya hemoglobini ishikamane pale oksijeni inapopungua, na chembe nyekundu ya damu hupinda mfano wa mundu. Aliyerithi badiliko hilo kwa wazazi wote wawili huugua. Aliyerithi kwa mmoja tu kwa kawaida haugui, na hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Jambo hili la mwisho lilibainishwa na Anthony Allison mwaka 1954, kutokana na utafiti alioufanya Afrika Mashariki.

Mfano huu una mafunzo mawili. Kwanza, kile ambacho jeni hii huagiza moja kwa moja ni protini. Haiagizi kabila, wala dini, wala lugha. Pili, hata athari ya jeni hutegemea mazingira: kinga hiyo ni faida mahali penye malaria, na pasipo na malaria mtu hubaki na hatari ya kumrithisha mwanawe ugonjwa.

3.0 Jinsi DNA Inavyochunguzwa

Kwa wasomi wa fasihi na isimu, mbinu ya mwanajenetiki si ngeni kama inavyodhaniwa. Tuchukue mhariri mwenye miswada mitano ya utenzi mmoja. Akikuta kosa lilelile la mwandishi katika miswada miwili, na halimo katika mitatu, hukisia kwamba miwili hiyo ilinakiliwa kutokana na mswada mmoja wa awali. Kosa moja halitoshi, lakini makosa mengi ya pamoja hujenga ukoo wa miswada. Mwanaisimu linganishi naye hutafuta mabadiliko ya pamoja ya sauti na sarufi ili kuzipanga lugha katika matawi. Mwanajenetiki hufanya vivyo hivyo kwa DNA: hulinganisha maelfu kwa maelfu ya mahali ambapo besi hutofautiana kati ya watu, kisha hukadiria ni nani wana wazee wa pamoja na waliachana lini.

Ugumu wa makaburi ya kale ni kwamba mswada umechanika. DNA ya mfu hukatikakatika, na vipande vingi huwa na urefu usiofika besi 100. Watafiti hutafuta meno, au mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani, kwa kuwa huko DNA huhifadhika vizuri zaidi. Huvaa glovu na mavazi maalumu ili DNA yao wenyewe isichanganyike na ya marehemu. Aidha, wanayo alama ya kupambanua kilicho cha kale: kwa kupita miaka, sitosini iliyo kwenye ncha za vipande hugeuka urasili, na mashine huisoma kama T. Kilichokuwa uharibifu kimekuwa ushahidi.

Hapa yapo mambo mawili ambayo msomaji hana budi kuyatenganisha. DNA ya mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake. Kromosomu Y hupita kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. DNA nyingine hutoka kwa wazazi wote na huchanganywa upya kila kizazi. Mtu akirudi nyuma vizazi kumi, ana nafasi 1,024 za wazee. Mitokondria hufuata njia moja kati ya hizo, na kromosomu Y njia moja. Njia 1,022 zilizosalia hazionekani katika ushahidi wa aina hizo mbili. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na babu wa Kiajemi wa vizazi kumi nyuma kwa upande wa baba tupu, akabeba kromosomu Y yake bila shaka yoyote, na sehemu ya babu huyo katika DNA yake nyingine ikawa, kwa wastani, haifiki moja katika elfu.

4.0 Ushahidi wa Makaburini

Tukiwa na maelezo hayo, twaweza sasa kuyatazama matokeo ya mwaka 2023. Kwa wengi wa waliozikwa pwani, zaidi ya nusu ya DNA ilitokana na wazee wa Kiafrika, hasa wanawake. Sehemu kubwa iliyobaki, na kwa baadhi yao zaidi ya nusu, ilitokana na wazee wa Asia. Asilimia 80 hadi 90 ya sehemu hiyo ya Kiasia ilihusishwa na wanaume wenye asili ya Uajemi, na ilikuwamo pia asili ya Bara Hindi. Kuchanganyika huko kulikuwa kumeanza kufikia mwaka 1000 hivi. Baada ya mwaka 1500 hivi, asili ya Arabuni ilizidi kuonekana.

Matokeo haya hayakumpa ushindi kamili mshiriki yeyote wa mjadala wa zamani. Waliodharau masimulizi ya Washirazi, yakiwamo yale ya Tarikh ya Kilwa, wakayaona kuwa ni madai matupu ya kujitafutia utukufu, wanapaswa kukiri kwamba yalihifadhi kumbukumbu ya jambo lililotukia. Waliosema kwamba miji ya pwani ilikuwa makoloni ya wageni nao wanapaswa kueleza wale wanawake wa Kiafrika, ambao bila wao wasingekuwapo watu wa kuzikwa.

Yafaa pia tukumbuke mipaka ya sampuli. Watu 80 si mwambao wote. Wengi wao walizikwa katika makaburi ya watu wa daraja la juu, na wakazi wa nyumba za udongo na makuti hawakuacha makaburi ya mawe. Vilevile, waandishi wenyewe wanabainisha kwamba maingiliano ya baadaye yaliwabadilisha zaidi watu wa pwani, kwa hiyo waliozikwa Manda au Mtwapa si kioo cha kila Mswahili wa leo.

Na lugha je? Hapa ndipo DNA inaponyamaza na isimu ikasema. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kazi yao ya mwaka 1993, walionyesha kwa urefu kwamba Kiswahili ni lugha ya kundi la Sabaki, pamoja na Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na lugha za Komoro. Ngeli zake, upatanisho wake, vinyambuo vya vitenzi vyake na msamiati wake wa msingi ni vya Kibantu. Maneno ya Kiajemi, kama bandari, yamo, lakini hayakugusa mifupa ya sarufi. Tena, lugha hiyo ilikwisha kuanza kujipambanua na ndugu zake kabla ya maingiliano yanayoonekana makaburini kushamiri.

Kwa maoni yetu, ushahidi wa aina hizi mbili haupingani. Mtoto aliyezaliwa na baba mwenye asili ya ng'ambo na mama wa pwani alikulia katika lugha ya mama yake, ya bibi yake na ya majirani zake. Desturi iliyoandikwa sana kuhusu Lamu, ya bwana harusi kuhamia nyumbani kwa mkewe, yatusaidia kufikiri jinsi jambo hilo lilivyowezekana. Baba aliacha jina, na pengine dini. Mama aliacha lugha. Hakuna jeni iliyohitajika ili mtoto huyo aseme Kiswahili.

5.0 Kinasaba au Jeni?

Sasa turejee kwenye istilahi. Neno nasaba lilitoka katika Kiarabu na limekaa katika Kiswahili kwa karne nyingi. Katika fikihi, na katika desturi ya koo nyingi za pwani, nasaba hufuata kwa baba. Kutokana nalo tumepata kinasaba na vinasaba, maneno ambayo leo yanasikika mahakamani, hospitalini na katika magazeti. Tanzania ilitunga sheria ya kusimamia vinasaba vya binadamu mwaka 2009. Kama neno la umma, limefaulu, na si nia yetu kulifukuza.

Hata hivyo, katika maandishi ya kitaaluma neno hili lina kasoro. Msomaji anayeambiwa kwamba vinasaba vya watu wa Manda vimeonyesha Uajemi husikia kwamba nasaba yao, yaani wao wenyewe, ni Waajemi. Njia moja kati ya 1,024 imepewa sauti ya zote. Wanawake ambao DNA yao ndiyo iliyo nyingi makaburini wamesahaulika kwa mara ya pili: kwanza na masimulizi yaliyowataja waume zao peke yao, na sasa na istilahi yetu.

Twapendekeza basi kwamba wanataaluma watumie jeni kwa kipande cha urithi, DNA kwa uzi wenyewe, na nasaba kwa ukoo unaofuatwa kwa njia moja, ikitajwa wazi kama ni ya baba au ya mama. Huenda ikasemwa kwamba jeni ni neno la kigeni lisilo na mizizi kwetu. Ni kweli, lilibuniwa na Wilhelm Johannsen wa Denmark mwaka 1909, naye alilichagua kwa kuwa lilikuwa fupi na halikubeba nadharia yoyote ya awali. Sababu hiyo ingali na nguvu. Wala hatusemi kwamba kila istilahi ya sayansi ikopwe. Selimundu ni istilahi bora kuliko mkopo wowote, kwa sababu huonyesha kile hasa kinachoonekana chini ya hadubini. Kipimo cha istilahi si asili yake, bali ni kama yamwongoza msomaji kwenye jambo lenyewe au yampotosha.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba elimu ya jeni imeongeza ushahidi wa thamani katika historia ya mwambao, lakini haikuondoa haja ya isimu, akiolojia na masimulizi. DNA yaweza kutuambia ni nani alizaa na nani, na yapata lini. Haiwezi kutuambia walizungumza lugha gani usiku ule. Kazi hiyo ni yetu, na idara za Kiswahili hazina sababu ya kuiacha maabara iifanye peke yake. Mwanafunzi wa uzamili anayeandika leo juu ya asili ya Kiswahili ajifunze kusoma jedwali la mitokondria kama anavyosoma jedwali la ngeli. Na anapoandika neno nasaba, ajiulize kwanza ni ya nani, na mama yuko wapi.