MBAO ZA KIJANI HAZIFAI KWA BOTI ZA ALUMINI



Kuna maneno yanayosemwa katika viwanda vingi vya kando ya ziwa, nayo ni haya: boti ya alumini haiozi. Maneno hayo ni nusu ya kweli. Bati la alumini haliozi wala halishiki kutu kama chuma, lakini ndani ya boti hiyo mna mbao. Upo ubao wa tezi, yaani ule wa nyuma unaobeba mashine, ziko mbao za sakafu, viko na viti. Mbao hizo huoza, na zikichaguliwa vibaya hulila hata bati lenyewe. Sisi tulioko karakana ya boti, na ninyi mnaovushwa kwenda mashamba ya visiwani au kupeleka barafu na kuleta samaki, tuna haki ya kusema neno juu ya mbao hizo. Mpaka leo neno hilo linasemwa na ofisi ya manunuzi peke yake.

Tueleze yaliyotupata. Katika mvua za mwaka 2023 boti moja ya kazi, yenye watu tisa, ilivunjika ubao wa tezi katikati ya maji. Mashine ikabaki inaning'inia kwa mnyororo wake, na wenzetu wakarudi kwa kasia, saa tatu nzima, huku wawili wanachota maji. Tulipoufungua ubao ule tuliukuta umelainika kama mkate uliolowa. Tuliutoboa kwa kidole. Ilikuwa plaiwudi ya dari, ya bei ya chini, nayo ilitiwa humo miaka miwili tu kabla.

Basi tukaambiwa safari hii tutapewa mbao imara. Stoo ikatoa mbao za kijani, zile zilizotiwa dawa kwa mashine, na msimamizi akatuambia, "Hizi hazioozi, hata mchwa hazigusi." Hilo alilosema ni kweli, ndiyo maana ubishi wetu haukusikilizwa. Tukazitia chini ya sakafu ya boti mbili. Haukupita mwaka, tukaona unga mweupe kandokando ya mbao, na chini ya unga vishimo vidogo vimechimbwa katika bati. Mahali pawili msumari ulipenya kwa mkono mtupu.

Sababu yake si siri. Dawa ya kijani ina shaba. Ile ya zamani, ambayo nguzo nyingi hutiwa, ina shaba, kromiamu na arseniki. Huko Marekani viwanda viliacha kuitia katika mbao za majumbani mwishoni mwa mwaka 2003, na dawa zilizoshika nafasi yake hazina arseniki lakini shaba yake ni nyingi zaidi. Kwa mtu wa nyumba hiyo ni nafuu. Kwa mtu wa boti mambo yamezidi kuharibika. Alumini hujikinga kwa utando mwembamba sana usioonekana kwa macho. Maji yakipita ndani ya ubao huo huchukua shaba na kuiacha juu ya bati, na hapo kila chembe inakuwa kama betri ndogo ambayo alumini ndiyo inayoliwa.

Wengine watasema ziwa letu ni maji baridi, mambo haya ni ya baharini. Ni kweli chumvi huharakisha. Lakini ubao uliolowa, ukibanwa na bati mahali pasipopita hewa, hukaa na unyevu miezi na miezi hata boti ikiwa nchi kavu. Kwa sababu hiyo hiyo skrubu za shaba, ambazo mafundi wa mashua za mbao huzisifu, zisitiwe kabisa katika alumini. Zitumike bolti za chuma kisichoshika kutu, zenye kikombe cha plastiki chini ya kichwa.

Ubao gani basi? Kwa tezi, plaiwudi ni bora kuliko ubao mzima, maana tabaka zake zimepishana na haipasuki upande mmoja mashine inapoivuta. Iwe ya gundi isiyoyeyuka kwa maji. Ile ya mashua, inayofuata kipimo cha Kiingereza BS 1088, ni ghali. Kama haipatikani, mchukue kipande cha ile iliyopo, mkichemshe saa kadhaa, na kikifumuka mrudishieni mwenye duka. Mtazame na kingo: tabaka za ndani zikiwa na matundu, maji yamepewa njia. Mara nyingi hutosha vipande viwili vya milimita 18 vilivyogundishwa pamoja, lakini mpime ule ubao wa zamani kwanza, maana vibano vya mashine vina kiasi chake. Isisahaulike kwamba hata plaiwudi ya mashua huoza. Gundi yake ndiyo isiyoshindwa na maji, mti wake ni mti tu.

Kwa sakafu na viti, mvule na mkangazi ni mbao za kuaminika. Mvule una mawe ndani yake, kila fundi aliyevunja meno ya msumeno anajua, lakini hukaa. Mtiki ni mzuri pia, ila una mafuta, ufutwe kwa spiriti kabla ya kutiwa gundi. Ubao wowote uwe mkavu kweli. Sisi hatuna mashine ya kupima unyevu, tunatumia mizani ya stoo: tunapima kipande kimoja kila siku mbili, na uzito ukiacha kushuka tunajua ubao uko tayari. Kuziba ubao mbichi ni kufungia maji ndani.

Katika kuziba, haraka ndiyo inayoharibu kazi. Epoksi ni ya makopo mawili, na kipimo cha mwenye kiwanda kifuatwe. Kuzidisha dawa ya kukausha hakuharakishi, kunaharibu tu. Muikoroge kidogo kidogo, maana ikiachwa imejaa kopo huchemka yenyewe na kutoa moshi. Anzeni na kingo na vichwa vya ubao, maana huko ndiko mti unakonywa maji, mpake mpaka uache kunywa, kisha pande zote mara tatu. Mpake alasiri ubao unapopoa, utaivuta epoksi ndani. Mkipaka asubuhi jua linapopanda hewa hutoka na kuacha mapovu. Tundu la bolti litobolewe kubwa kupita kiasi, lijazwe epoksi, ikikauka litobolewe tena kwa ukubwa wa bolti yenyewe. Tundu moja lililosahauliwa hupoteza kazi ya wiki nzima. Mwisho itiwe rangi, kwa kuwa jua huila epoksi, na rangi hiyo isiwe ile ya chini ya meli yenye shaba. Mbao za sakafu ziinuliwe kidogo ili maji ya ngama yapite.

Kazi hii ya kuziba ina hatari yake. Epoksi mbichi ikigusa ngozi mara nyingi huleta ukurutu, na mtu akishashikwa nao mwili haumsamehe tena, hata tone dogo linamvimbisha. Yuko mwenzetu aliyelazimika kuacha ufundi kwa ajili hiyo. Vumbi la mbao ngumu nalo huleta saratani ya pua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Tumepewa glavu jozi nne kwa watu kumi na moja.

Kisha kuna jambo lililotuudhi kuliko yote. Mapande ya mbao za kijani yaliyobaki tuliambiwa tugawane tukapikie, kama zawadi. Wengine walibeba. Arseniki haiteketei kwa moto. Hukaa katika majivu na kupanda na moshi, na wanaovuta moshi huo ni watoto walio kando ya jiko. Aliye na mapande hayo nyumbani asiyachome. Ayarudishe karakana, tutayakusanya, na kampuni ndiyo itakayotafuta pa kuyaweka, maana ndiyo iliyoyanunua.

Ofisi ya manunuzi ilijibu kwamba plaiwudi ya mashua ni bei mara tatu. Hatubishani na bei. Tulichouliza ni kwamba bati la sakafu lililotobolewa limeandikwa katika hesabu gani, na wale watu tisa wa mwaka 2023 wangeandikwa wapi. Tumeomba kwa barua, kupitia tawi letu, kwamba pasinunuliwe ubao wa boti bila sahihi ya fundi wa karakana, na kwamba boti isipakie watu mpaka fundi huyo ameugonga ubao wa tezi kwa nyundo na kusikia mlio wake. Ubao mzima hulia kwa ukali, uliooza hutoa sauti ya bubu. Hata mpanda boti anaweza kujifunza kwa dakika moja, nasi tuko tayari kumfundisha yeyote anayefika gatini.

Boti mbili zile bado ziko juu ya magogo. Mbao ishirini na sita za kijani bado ziko stoo, na majibu ya barua hatujapata.