Hoja Isiyobebwa na Wino: Kuandaa Matini za Kompyuta kwa Ajili ya Nukta Nundu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanatoa maoni kuhusu jambo ambalo wanaisimu wa Kiswahili tumezoea kulihesabu kuwa kazi ya mpigachapa, yaani kuandaa matini zilizoandikwa kwa kompyuta ili ziweze kugeuzwa kuwa maandishi ya nukta nundu. Tunaonelea kuwa kazi hiyo ni ya mwandishi mwenyewe, na kwamba sehemu yake kubwa ni ya kiisimu.

Kilichotusukuma kuandika ni tukio dogo lililotupata Lisekese, wilayani Masasi. Mwalimu mmoja asiyeona alikuwa amepata nakala ya nukta nundu ya mada yetu kuhusu unyambulishaji wa vitenzi. Faili tulilitoa sisi wenyewe, likiwa limepambwa vizuri kwa macho. Alitusomea kwa sauti, vidole vikienda bila kusita, hadi alipofika kwenye mfano wa nne. Akarudi nyuma, akaupapasa tena, kisha akauliza: "Daktari, hii limia na hii limia zinatofautianaje?" Katika karatasi yetu, mzizi ulikuwa umekozwa wino katika neno la kwanza, na kiambishi -i- katika neno la pili. Katika nakala yake, maneno hayo mawili yalikuwa sawasawa. Hoja ya ukurasa mzima ilikuwa imebebwa na wino, na wino haukufika Lisekese.

2.0 Mashine husoma nini

Mfumo wa Louis Braille, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1829, umejengwa juu ya nukta sita, ambazo hutoa alama 63 tu. Kwa kuwa alama ni chache, moja hubeba kazi nyingi. Kwa mfano, herufi a hadi j huwa tarakimu zikitanguliwa na alama ya namba. Kwa hiyo, programu inayogeuza maandishi haina budi kujua inasoma kitu gani, nayo hujua kile tu kilichomo ndani ya faili. Hapa pana mambo matatu yanayotuhusu.

Kwanza ni lugha. Kiingereza kina nukta nundu za ufupisho, ambamo alama moja husimama badala ya neno zima au kundi la herufi. Matini ya Kiswahili ikigeuzwa kwa kanuni hizo, andika huanza kwa alama ya neno la Kiingereza "and", forodha kwa alama ya "for", na katikati ya kofia hujipenyeza alama ya "of". Mwandishi anayeacha faili lake likiwa na kitambulisho cha Kiingereza, kama kompyuta nyingi zinavyokuja, anaikaribisha hatari hiyo. Kanuni za Kiswahili zipo. Majedwali ya Kiswahili yaliyomo katika Liblouis, programu huria ya kugeuzia maandishi, yanabeba kitambulisho cha Kenya. Ni wajibu wa idara zetu kuyachunguza, si kuwaachia mafundi wa kompyuta.

Pili ni ritifaa. Wapo wanaoandika ng'ombe kwa alama ya mkazo iliyo pembeni mwa kibodi, kwa kuwa jicho halioni tofauti. Mashine huiona. Kwake hiyo ni alama nyingine, yenye nukta nyingine. Nasi tunajua kuwa ng'oa si ngoa: moja ni kutoa kilichopandwa, nyingine ni wivu.

Tatu ni alama za fonetiki. Matini zetu za zamani zilitumia fonti maalumu ambamo nazali ya kaakaa laini ilionekana kwenye karatasi, ilhali ndani ya faili kulikuwa na herufi nyingine kabisa. Alama hizo za kimataifa zina nukta nundu zake, zilizosanifiwa upya mwaka 2008 na Robert Englebretson, mwanaisimu ambaye mwenyewe haoni. Lakini usanifu huo haumsaidii msomaji ikiwa faili linasema uongo.

3.0 Maandalizi yanayopendekezwa

Mpaka wa mofimu uoneshwe kwa kistari, si kwa wino mzito wala kwa rangi: lim-i-a. Vichwa vya habari vitambulishwe kwa mitindo iliyomo katika programu, si kwa kukuza herufi tu. Nafasi tupu zisitumike kupanga safu, wala maneno yasikatwe kwa mkono mwishoni mwa mstari. Mifano yenye tafsiri ya mofimu chini yake inahitaji uangalifu zaidi. Mstari wa nukta nundu kwa kawaida huwa na nafasi zipatazo 40, hivyo mpangilio wa juu na chini huvunjika. Ni afadhali kila mofimu ifuatwe na maana yake papo hapo. Mchoro matawi nao uelezwe kwa maneno.

4.0 Pingamizi

Inaweza kudaiwa kuwa programu za kusoma kwa sauti zimeondoa haja hii. Sauti humpa msomaji maudhui, lakini haimwoneshi waziwazi tahajia na mipaka ya mofimu, na kwa mwanaisimu hayo ndiyo maudhui. Wengine watasema sheria imekwisha kulimaliza jambo hili. Ni kweli kwamba Tanzania ilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010, na mwaka 2020 ikajiunga na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaoruhusu nakala za wasioona kutengenezwa bila idhini ya mwenye hakimiliki. Hata hivyo, ruhusa ya kunakili haisafishi faili. Mnakili hawezi kurudisha kile ambacho mwandishi hakukiweka. Atakisia, na kosa litasomwa kama letu.

5.0 Hitimisho

Tunapendekeza majarida ya Kiswahili, likiwamo hili, yadai maandalizi haya kwa kila mswada kama yanavyodai marejeo, na wanafunzi wa uzamili wafundishwe kuyafanya kabla hawajaandika tasnifu.

Mada yetu tuliisahihisha kwa saa chache, tukaipeleka tena Lisekese. Safari hii mwalimu yule hakuuliza tulichoandika. Alitupinga. Alisema tumeichambua limia kana kwamba humaanisha kumlimia mtu tu, tukalisahau jembe la kulimia. Alikuwa na haki, na pingamizi hilo tungelipata tangu nakala ya kwanza.