Kipupwe, Runinga na Moto wa Petro



Msimu umefika. Kuanzia Juni hadi Agosti, wakati wenzetu wa pwani wanafurahia upepo mwanana wa kusi, sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunatafuta makoti na mablanketi. Mji wa Njombe umekaa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Huko Makete na kwenye uwanda wa Kitulo, asubuhi nyingine umande huamka umeganda, ukaunguza majani ya viazi. Mahindi yamevunwa na kazi za shamba zimepungua. Ifikapo saa moja jioni milango imefungwa, mapazia yameshushwa, na katika dirisha baada ya dirisha unachezacheza mwanga ule ule wa rangi ya samawati. Ni runinga.

Juma hili tunataka kusema juu ya mwanga huo, na tukiri mapema kwamba tumekuja kugombana, ingawa kwa upendo. Tunagombana na sentensi moja iliyozoeleka midomoni mwetu: "Baridi yote hii, mtu aende wapi? Tunajipumzisha tu." Sisi tunasema kwamba mara nyingi hilo si pumziko. Ni utoro.

Tusieleweke vibaya. Wapo wahubiri wanaoita runinga sanduku la shetani, na wapo waumini waliowahi kuvunja seti zao kwa kushangiliwa. Hatumo katika kundi hilo. Filamu ni zawadi. Tangu ndugu wawili Lumière walipoonesha picha zao zinazotembea mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895, nao ulikuwa msimu wa baridi, Kanisa limekuwa likiitazama sanaa hiyo kwa makini na kwa heshima. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliitolea vyombo vya mawasiliano hati nzima, Inter Mirifica, mwaka 1963. Sinema ilipotimiza miaka 100, mwaka 1995, Vatikano ilitoa orodha ya filamu 45 za kuthaminiwa, na ndani yake hazikuwamo filamu za dini peke yake. Ilikuwamo hata hadithi ya watoto, The Wizard of Oz. Anayesema Kanisa linachukia filamu hajasoma.

Basi ugomvi wetu si na chombo. Ni na namna tunavyokitumia msimu huu, kama mlango wa nyuma wa kutorokea nyumbani kwetu huku tumekaa sebuleni.

Pumziko na utoro hutofautianaje? Kipimo ni rahisi, na kila mmoja anaweza kujipima. Aliyepumzika hurudi kwa watu wake akiwa na nguvu zaidi kuliko alivyoondoka. Aliyetoroka hurudi amechoka, ana hasira akiitwa, na hamu yake ni kutoroka tena. Mababa wa jangwani, miongoni mwao Evagrio wa Ponto katika karne ya 4, waliujua ugonjwa huu kabla ya umeme kuwako duniani. Waliuona ukimjia mtawa chumbani mwake: anaona jua halisogei, anaichukia kazi yake, anachungulia dirishani akitamani awe popote isipokuwa pale alipo. Sisi leo dirisha hilo tumelinunua dukani, tukalitundika ukutani, na kila mwezi tunalipia king'amuzi.

Wala tusijidanganye kwamba dirisha hilo halina mwenyewe. Tamthilia za mfululizo tunazozifuata zina historia. Huko Marekani, katika miaka ya 1930, michezo ya redio ya kila siku ilidhaminiwa na makampuni ya sabuni yaliyotaka kuwafikia akina mama majumbani. Ndiyo maana hadi leo Wamarekani huiita michezo ya namna hiyo kwa jina la sabuni. Hadithi ilikatwa pale pale moyo unapodunda, ili msikilizaji arudi kesho na kulisikia tena tangazo. Ufundi huo haujabadilika. Umepita katika tamthilia za Kilatini, za Kikorea na za Kituruki, na sasa umeingia katika simu janja, ambako kipindi kinachofuata huanza chenyewe kabla hujaamua. Mtu anasema, "Nimalizie hii tu." Hamalizi, kwa sababu haikutengenezwa imalizike. Muda wetu wa jioni ni bidhaa, na kuna mtu anayeuuza.

Mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilirusha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na wakwe zake, iliyotiwa sauti za Kiswahili. Ilipendwa sana, hata Rais wa China, Xi Jinping, akaitaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Hatuna neno baya juu yake; ilikuwa hadithi ya heshima kuhusu ndoa na ukwe. Lakini tujiulize swali moja gumu. Ni wangapi kati yetu waliojua kila ugomvi wa mkwe yule wa China, na wasijue kwamba mama mkwe wao wenyewe, aliyelala chumba cha pili, ana majuma mawili hapati usingizi kwa maumivu ya goti?

Hapo ndipo penye kidonda. Wakati sisi tunatazama, kuna mambo yanayoendelea nje ya kioo.

Yuko bibi jikoni. Sebuleni hapamfai, sauti ni kubwa, na hadithi haielewi. Anaota moto peke yake, na simulizi alizonazo hakuna anayeziomba. Siku tutakapomzika tutasoma wasifu wa aya mbili na kugundua kwamba hakuna anayejua jina la kijiji alikozaliwa.

Yuko mjane jirani asiye na kuni. Tukumbuke tunaishi wapi. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011–12, Mkoa wa Njombe ndio ulioongoza Tanzania kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI, asilimia 14.8 ya watu wazima waliopimwa. Nyuma ya namba hiyo kuna yatima waliolelewa na bibi zao, na nyumba ambazo hadi leo mtu mmoja mzee hubeba mzigo wa watatu. Baridi haiwaumizi watu wote sawasawa. Kwetu wenye sebule, kipupwe ni sababu ya kujifunika blanketi; kwao ni homa ya mapafu.

Zipo Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele cha kichungaji tangu miaka ya 1970, wakiamini kwamba Kanisa huishi mtaani kabla ya kuishi katika jengo la parokia. Mwezi Machi wanafika watu ishirini. Mwezi Julai wanafika akina mama wanne na mtoto mmoja. Tunaambiwa ni baridi. Lakini mpira wa miguu ukioneshwa katika kibanda umiza, baridi hiyo hiyo haimzuii mtu.

Na lipo jiko la mkaa. Hili tunalisema kwa sauti ya juu. Familia inafunga milango na madirisha, inaliingiza jiko sebuleni, inaketi kutazama filamu hadi usingizi unawachukua. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu mahali pa oksijeni. Mtu haamki. Wapendwa, tusifanye hivyo kamwe. Anayeota moto wa mkaa na aote nje, au mahali penye hewa inayopita. Na jiko litoke kabla ya mtu kulala.

Tunazijua hoja za upande wa pili, na mbili zina uzito.

Ya kwanza: "Heri baba abaki nyumbani na runinga kuliko kwenda kilabuni kunywa ulanzi." Ni kweli, heri. Mke aliyewahi kusubiri mlevi hadi saa sita usiku haoni shida na runinga. Lakini tusiuweke wema chini kiasi hicho. Baba aliyeketi nyumbani saa nne mfululizo bila kumuuliza mwanawe neno hata moja amerudisha mwili, roho bado iko safarini.

Ya pili: "Je, mgonjwa na mpweke? Hana mwingine ila runinga." Hapa tunanyamaza kwanza, kisha tunajibu kwa kumtaja Mtakatifu Klara wa Asizi, ambaye sikukuu yake, tarehe 11 Agosti, huangukia katikati ya baridi yetu. Usiku wa Noeli mwaka 1252 alikuwa mgonjwa kitandani, akabaki peke yake wenzake walipokwenda kusali. Mapokeo yasema alijaliwa kuisikia na kuiona ibada iliyokuwa ikiadhimishwa mbali naye, katika kanisa la Mtakatifu Fransisko. Kwa sababu hiyo Papa Pius XII alimtangaza msimamizi wa televisheni mwaka 1958. Tazameni basi: msimamizi wa televisheni alikuwa mtu ambaye ugonjwa ulimtenga na jumuiya, na maono yalimrudisha kwao, asubuhi akawasimulia masista wenzake furaha yake. Klara hakuona ili asahau walipo ndugu zake. Runinga ikimfanyia mgonjwa kazi hiyo, na ibarikiwe. Lakini sisi wazima tusimwachie mgonjwa rimoti tukajiona tumemtembelea.

Maandiko nayo yanaijua baridi. Usiku ule Yesu alipokamatwa, Mwinjili Yohane anatuambia palikuwa na baridi, na watumishi walikuwa wamewasha moto wa makaa uani; Petro naye akasimama pamoja nao akiota (Yn 18:18). Mathayo anaongeza kwamba aliketi ili auone mwisho wa mambo (Mt 26:58). Ndugu zangu, huyo ni mtazamaji. Rafiki yake anahukumiwa ndani, naye yuko kwenye joto la moto wa watu wengine, anasubiri aone hadithi itaishaje. Hakwenda uani akiwa na nia ya kumkana Bwana. Alikwenda kuota moto. Kukana kulikuja baadaye, mtu alipomuuliza kama anamjua aliye ndani. Na ndivyo ilivyo kwetu: hatumkani bibi wala jirani kwa chuki. Twawakana kwa sababu tunaota moto, na swali linapokuja limetukuta tumegeukia kwingine.

Tufanye nini? Hatuagizi seti ziuzwe. Papa Yohane Paulo II, katika ujumbe wake wa Siku ya Mawasiliano mwaka 1994 kuhusu televisheni na familia, aliwakumbusha wazazi kwamba kuchagua vizuri wakati mwingine maana yake ni kuizima. Tuanzie hapo. Tuchague kabla ya kuwasha, si baada. Tule chakula cha jioni kioo kikiwa kimelala. Jioni moja kila juma, iwe ya jumuiya, runinga isiwashwe kabisa. Na tunapoangalia filamu nzuri, bibi aitwe sebuleni, mjane jirani aalikwe, mtoto aeleze alichoelewa. Kisha, ikiisha, tuizime tukaizungumze. Filamu inayozungumzwa na watu watano imewakutanisha.

Mtume Paulo, akiwa kifungoni na uzee umemfika, alimwandikia Timoteo amletee joho aliloliacha Troa, akamsihi ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi (2 Tim 4:13, 21). Mtume mkuu, mwenye barua zinazosomwa duniani kote, alihitaji nguo nzito na mtu wa kuketi naye. Katika kila kitongoji cha parokia yetu yuko mzee wa namna hiyo usiku wa leo. Koti la ziada liko kabatini mwetu, na njia ya kwenda kwake tunaijua.