Sadaka Haifuti Deni la Ujira



Ndugu msomaji, kila mwaka kamati za misikiti hukaa kupitia majina ya wanaostahiki zaka. Hapa kwetu Haneti majina ya mjane, yatima, mgonjwa na mkongwe asiye na msaada hupita bila ya utata. Mjadala huanza linapofikiwa jina la mtu mwenye kazi: mlinzi wa ghala, kibarua wa shamba la alizeti, mpishi wa mgahawa, binti aliyerejea kutoka kazi za ndani Dodoma mjini. Mmoja husema, "Huyu ana tajiri wake, zaka ya nini?" Mwingine hujibu, "Twende nyumbani kwake ukaone watoto wanakula nini." Kila mmoja ana hoja, na ndani ya hoja zao mna swali ambalo familia zetu zinapaswa kulitazama: mshahara usipotosha, ni nani anayelipa upungufu wake?

Kwanza tuondoe shaka ya kisheria. Kufanya kazi peke yake hakumtoi mtu katika umaskini. Katika Sura al-Kahf, aya ya 79, Allah Subhaanahu wa Taala anawataja wenye ile jahazi iliyotobolewa kuwa ni maskini, na papo hapo anaeleza kwamba walikuwa wakifanya kazi baharini. Wanazuoni, hususan wa madhehebu ya Imam Shafi, wameichukua aya hii kuwa dalili kwamba maskini aweza kuwa na kazi, hata na chombo, na bado pato lake lisimtosheleze. Kwa hiyo mlinzi yule ana haki katika fungu la maskini, ambalo ni miongoni mwa mafungu manane yaliyotajwa katika Sura at-Tawba, aya ya 60. Jina lake libaki.

Lakini hapo hatujamaliza. Tajiri mwenye uwezo akimlipa mlinzi nusu ya kinachomtosha, na msikiti ukamwongezea nusu ya pili, zaka hiyo imemfaa nani? Aliyeipokea ni mlinzi. Aliyepunguziwa gharama ni tajiri. Kile ambacho kingetoka katika mfuko wake kimetoka katika mfuko wa Waislamu, naye akabaki na faida iliyonenepa. Huenda Ramadhani ikifika akaleta magunia mawili ya mchele, akashukuriwa mbele ya jamaa, na mlinzi wake akawa miongoni mwa wanaopanga foleni kuupokea.

Yanayotokea msikitini hutokea pia katika hazina ya taifa. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianzishwa mwaka 2000, na tangu mwaka wa fedha 2012/2013 umekuwa ukiendesha Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Kaya hupewa ruzuku kwa masharti ya kupeleka watoto kliniki na shule, na wenye nguvu hupewa ajira za muda katika miradi ya kijiji. Ni jambo jema, na wengi wanaonufaika ni watu ambao hakuna mwajiri wa kuwadai. Lakini pale ambapo ndani ya kaya yumo mtu anayefanya kazi kutwa kwa ujira usiomtosha, ruzuku huwa inafanya kazi ya mshahara. Fedha hizo ni za umma: anayenunua sabuni dukani amezichangia kwa kodi yake, naye yule kibarua amezichangia pia.

Nchi tajiri hazijasalimika na jambo hili. Oktoba 2020 ofisi ya ukaguzi inayolitumikia Bunge la Marekani ilitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wanaopokea msaada wa serikali wa chakula na matibabu. Ilibainika kuwa takriban asilimia 70 ya watu wazima wenye mishahara waliokuwa katika mipango hiyo walikuwa wakifanya kazi kwa saa kamili za wiki. Miongoni mwa waajiri waliojitokeza sana katika majimbo yaliyochunguzwa zilikuwamo kampuni za Walmart na McDonald's, ambazo faida yake kwa mwaka huhesabiwa kwa mabilioni ya dola.

Wala sisi watu wa bara si wageni wa mtindo huu. Zama za ukoloni mashamba ya mkonge yaliwachukua wanaume kutoka mbali, wale walioitwa manamba. Ujira wao ulipimwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja. Mke na watoto waliachwa kijijini wajilishe kwa jembe. Basi jembe la mama ndilo lililokamilisha mshahara wa baba, na faida ya mkonge ikapakiwa melini. Siku zile upungufu ulilipwa na mama. Leo unalipwa na jirani, na msikiti, na serikali.

Sheria ya nchi imejaribu kuweka mpaka. Kima cha chini cha mshahara katika sekta binafsi kilichoanza Julai 2013 kilidumu bila kubadilika hadi Januari 1, 2023. Amri ya mwaka huo ilimpangia mfanyakazi wa kilimo shilingi 140,000 kwa mwezi. Gawanya kwa siku 30: hazifiki shilingi 4,700 kwa siku, na katika kaya ya watu watano ni chini ya shilingi 1,000 kwa kila mmoja, kabla ya daftari la shule na dawa. Oktoba 2025 ilitangazwa amri mpya, ya kuanza Januari 1, 2026, iliyopandisha wastani wa kima hicho kwa asilimia 33.4. Tunashukuru. Hata hivyo kima cha chini ni sakafu, nacho kisifanywe dari.

Atasema mfanyabiashara, "Mimi ni mdogo, mvua imekosekana, nikiongeza mshahara nitafunga." Tumsikilize, kwa kuwa faida si haramu, na Mtume wetu (rehema na amani zimshukie) alifanya biashara. Asiyeweza na aseme kweli: apunguze saa za kazi, au wakubaliane mgao wa mavuno. Maneno yetu yanamhusu anayeweza asitake, anayeongeza chumba cha tatu dukani kwa fedha aliyoibana katika ujira wa mtu.

Kuhusu huyo, Imam Malik amepokea katika Muwatta hukumu ya Sayyidna Umar (RA). Watumwa wa Hatib walimwiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna wakamchinja. Umar alikuwa tayari kuwahukumu kukatwa, kisha akatanabahi kwamba bwana wao alikuwa akiwashindisha njaa. Akaiacha adhabu ile, akamgeukia bwana. Mwenye ngamia alisema alikataa kumuuza kwa dirhamu 400. Umar akamwamuru Hatib alipe 800. Tazama alivyopima: njaa ilizalishwa na bwana, hasara ikamwangukia mtu wa kando, naye Umar akairudisha gharama kwa aliyeizalisha, tena maradufu.

Kutokana na hayo, nazinasihi kamati zetu na familia zetu mambo haya.

Kamati isimfute maskini mwenye kazi. Impe, kisha iende kwa mwajiri wake kwa adabu na faragha, imkumbushe wajibu wake. Wazee wawili wakibisha hodi kwa tajiri huweza kufanya ambalo barua haifanyi.

Mwajiri asihesabu zaka yake kuwa sehemu ya mshahara. Ujira ni deni, na deni halilipwi kwa zaka. Akitaka kumpa mfanyakazi wake maskini zaka, alipe kwanza ujira kamili, kisha atoe zaka bila ya kutarajia kazi ya ziada.

Mama na baba wa nyumba wamtazame dada wa kazi. Mabinti wengi wa vijiji vyetu wako majumbani mwa watu. Amri ya 2023 ilimpangia anayeishi kwa mwajiri wake shilingi 60,000 kwa mwezi. Je, nyumbani mwetu anapata hata hizo, na kwa wakati? Au tunamwambia kwamba tumemlea kama mwana, hali mwana wetu halali saa sita akioga vyombo vyetu?

Naye mfanyakazi atimize amana, kwani Sura al-Qasas, aya ya 26, imemsifu mwajiriwa mwenye nguvu na mwaminifu. Akidhulumiwa, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na mengineyo ndani ya siku 60. Asingoje hadi muda upite.

Mtume ametuusia tumlipe mwajiriwa kabla jasho lake halijakauka. Na katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Allah amejitangaza kuwa hasimu, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyemwajiri mwenzake, akaitimiza kazi yake, kisha asimpe ujira. Siku hiyo magunia ya mchele ya Ramadhani hayatakuwa hoja. Tulipe leo, tungali na shilingi za kulipia.

Wabillahi tawfiq.