Mama Kasahau Majina, Hajasahau Maumivu

Haya wadau wa Chuga, kuna dada mmoja mwenye jina lake mitandaoni, kwao Tengeru, kachambwa wiki nzima. Kosa lake? Kakodi gari kumleta mama yake mjini kwa daktari wa meno. Mama yuko kwenye kiti cha magurudumu, na ugonjwa wa kusahau umefika mbali, hata mwanae hamtambui. Komenti zikamiminika: "Mtu hajijui, jino la nini?" Wengine wakacheka rangi ya meno ya bi mkubwa.

Hiyo rangi kwanza. Maji ya chemchemi nyingi za Mlima Meru yana floridi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo kibao vya huku vinapita hapo. Ukiyanywa tangu utotoni, meno yanaota na ukahawia. Sio uchafu. Machalii kadhaa wanaocheka, wakitabasamu tu utauona huo huo.

Sasa hilo la "hajijui". Mgonjwa anasahau neno jino, ila jino halisahau kuuma. Kwa kuwa hawezi kusema, mwili unasema: anakataa ugali, anashika shavu, anasukuma kijiko, anapiga kelele usiku. Nyumbani wanasema kawa mkorofi, wengine wanasema karogwa. Kumbe fizi imejaa usaha! Tena mdomo usiosafishwa sio suala la harufu tu. Bakteria wakishuka kwenye mapafu wanaleta nimonia, na nimonia inaua wazee.

Wapinzani wana pointi moja. Kumsumbua mzee wa hali hiyo kwa matibabu marefu ya kupendezesha meno haina maana. Lengo ni maumivu yaishe na ale kwa amani.

Ni kweli safari ni shughuli. Kifodi kinajaza watu, kiti kitakaa wapi? Kliniki nyingine ziko ghorofani na lifti hakuna. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka majengo ya umma yafikike, na hospitali za serikali zina mabango ya "Mpishe Mzee Kwanza". Bango bila njia ya kupitisha kiti ni pambo.

Kwa hiyo piga simu kwanza, uliza kama kiti kinapita mlangoni. Omba nafasi ya asubuhi, kabla mzee hajachoka. Beba dawa zake zote daktari azione. Mara nyingi anaweza kumchungulia akiwa kwenye kiti chake, kichwa kikiegemezwa. Nyumbani, kaa mbele yake na mswaki laini, mwonyeshe kwako kwanza. Meno ya bandia yavuliwe usiku.

Huyo dada hana cha kuomba radhi. Siku ya Mama ikifika picha zitajaa tena. Kabla ya selfi, mchungulie mama mdomoni.