Tusivitupe Vigae

Nilipokuwa mgeni hapa shuleni tulipewa kazi ya kuchimba shimo la taka karibu na kijito. Tukakuta vigae vya chungu vyenye nakshi kama alama za kamba. Tulishindana kuvirusha majini.

Nilikumbuka mchezo ule niliposoma habari za London. Kati ya 2010 na 2014 wataalamu walichimba penye kijito cha Walbrook, kilichofukiwa chini ya mji, nao wakatoa matopeni vibao zaidi ya 400 walivyoandikia Warumi. Tope lenye maji halipitishi hewa, ndiyo sababu mbao hazikuoza. Kibao kimoja, cha tarehe 8 Januari mwaka 57, ni hati ya deni: Tibullus anakiri kuwa atamlipa Gratus dinari 105, thamani ya bidhaa. Si habari ya Kaisari hata kidogo, ni deni la biashara tu!

Wengine watasema, hayo ni ya Warumi, Vurra kuna nini? Mimi nasema West Nile yetu inao ukingo wake, nao ni Dufile, kule Moyo. Ngome ilijengwa pale kwa kuwa mbele kidogo yanaanza maporomoko ya Fola, ambayo meli haziwezi kuyapita. Meli za Emin Pasha, Khedive na Nyanza, zilitoka pale kwenda Ziwa Albert. Novemba 1888 jeshi la Mahdi liliishambulia likashindwa, lakini ngome ikaachwa. Profesa Merrick Posnansky na wenzake waliichimba mwaka 2006 na 2007.

Emin aliandika sana, na wageni wengine vilevile. Lakini ni nani aliyebeba mizigo kuyazunguka maporomoko? Nafaka ya askari ilitoka ghala la nani, mara nyingi kwa nguvu? Mwanamke aliyewapikia hakuandika barua. Habari zake zimo katika majivu, mifupa na vigae, na mtu akivitupa hakuna kitabu kitakachozirudisha.

Sisemi tuende kuchimba, maana mchimbaji asiye na ujuzi huharibu kuliko mvua. Lakini tukichimba msingi au choo tukakuta kitu, tuandike mahali na kina chake, kisha tumwonyeshe mwalimu wa historia. Sanduku nimekwisha kulipata kwa seremala. Lina kigae kimoja tu, nilichokiokota juzi pale kijitoni.