Sheria ipime chakula, si jengo

Hadi mwaka 2021, mkazi wa New Jersey, Marekani, aliyeoka biskuti jikoni kwake aliweza kuwagawia majirani bila tatizo, lakini akiwauzia alikuwa amevunja sheria. Unga ni ule ule na tanuri ni lile lile. Kilichobadilika ni pesa kuingia kati. New Jersey ndilo lililokuwa jimbo la mwisho kulegeza katazo hilo. Kule Wisconsin ilibidi waokaji waende mahakamani, na mwaka 2017 jaji akaamua kwamba kuwazuia kulikiuka katiba ya jimbo. Mabadiliko hayo yanatuhusu, kwa sababu huku kwetu Tanzania pia keki, visheti na kachori za oda hutoka majikoni mwa watu, na sheria zetu bado zinatazama jengo kabla ya kutazama chakula.

Majimbo mengi ya Marekani yameanza na swali jepesi: chakula hiki kikikaa mezani bila jokofu, kitadhuru? Vijidudu huhitaji unyevu, kwa hiyo biskuti kavu haziwapi nafasi. Bakteria wa botulizimu, ugonjwa unaopooza misuli, hawakui penye uchachu mkali wa pH isiyozidi 4.6, ndiyo maana jamu nyingi huruhusiwa. Nyama na maziwa huwekewa masharti makali zaidi. California ilipitisha sheria mwaka 2018 inayoziachia kaunti kuruhusu hata milo ya moto, kwa kibali na ukaguzi wa jiko, na mwanzoni iliweka kikomo cha milo 30 kwa siku. Wyoming ilikuwa imekwenda mbali zaidi mwaka 2015 kwa kuruhusu karibu kila chakula cha nyumbani bila leseni wala ukaguzi. Huko siwafuati. Anayenunua pilau hawezi kujua kwa macho nyama ililala wapi.

Hapa nchini, tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na anayetaka kutengeneza vyakula vya kuuza kihalali hukutana mapema na suala la kusajili jengo. Kiwanda kinalimudu. Mama mwenye jiko moja na watoto wa kusomesha halimudu, basi anauza kimyakimya kwa simu, bila lebo, na bwana afya hamjui. Mlaji akiugua, hakuna pa kuanzia kuuliza. Sheria iliyotungwa kumlinda imemwacha gizani.

Wapo watakaosema hali yetu ni tofauti, na katika jambo moja wana haki kabisa: sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 20 huko Dodoma na Manyara. Kashata ya karanga ni kavu, kwa kipimo cha Wamarekani ingepita, ilhali karanga zenye ukungu hubaki na sumu hata zikikaangwa. Lakini tazama sumu hiyo inaanzia wapi: shambani na ghalani. Jengo jipya lenye vigae haliiondoi kwenye karanga. Kinachosaidia ni kupima karanga na mahindi sokoni kabla hayajamfikia mpishi, kazi ambayo mpishi hawezi kuifanya kwa macho hata akipewa leseni kumi.

Wenye migahawa nao watalalamika kwamba wao wanalipa pango na kodi. Malalamiko yao ni ya haki, na dawa yake ni kikomo cha mauzo: anayekipita ahamie kwenye leseni kamili kama wao. Chini ya kikomo hicho, mwenye visheti, ubuyu au keki isiyo na krimu ajiandikishe bila ada ofisi ya kata, apate mafunzo ya siku moja ya usafi, na kila pakiti iandikwe jina lake, namba ya simu, viambato, tarehe na maneno "kimetengenezwa nyumbani". Wa sambusa za nyama na mtindi asubiri bwana afya aingie jikoni kwanza.